Neno Lililokatwa

Kuna swali moja ambalo sisi walimu wa fasihi tumelifanya kuwa mfalme wa maswali yote. Tukisoma shairi darasani, tukisikiliza wimbo, tukifunga kitabu cha hadithi, mara tunauliza: mtunzi alikuwa na maana gani? Swali hili limo katika mitihani, limo katika miongozo ya walimu, nami nimesahihisha majibu yake kwa wino mwekundu kwa zaidi ya miaka thelathini. Si swali baya. Lakini linaye ndugu yake mdogo ambaye aghalabu tunamwacha nje ya mlango, naye ni hili: kazi hii ilitengenezwaje? Mtunzi alianza na neno gani, akalikata lipi? Alikesha siku ngapi? Nani alimsaidia, na nani alimkatisha tamaa?

Kadiri umri unavyosogea, nimezidi kumpenda huyu ndugu mdogo. Na kilichonizidishia mapenzi hayo si utenzi wa kale wala riwaya. Ni wimbo wa muziki wa roki, ambao mzee wa rika langu na malezi yangu hatazamiwi hata kuujua jina.

Mwanangu mkubwa ndiye aliyeuleta nyumbani, ndani ya kanda, alipokuja likizo kutoka chuoni mwaka 1992. Mimi nilikuwa nimezoea taarabu na muziki wa dansi. Nikasikia kwanza sauti tupu za watu, kama kwaya isiyo na ala. Ikafuata piano na mtu mmoja akiimba kwa huzuni. Kisha gitaa likalia peke yake. Ghafla wakazuka watu wengi wanaojibizana kana kwamba wako mahakamani, mmoja anaomba aachiwe, wengine wanakataa. Halafu ukaja mshindo wa magitaa na ngoma uliotikisa kabati letu la vyombo, na mwisho utulivu mtupu. Nikamwuliza kijana, "Hizo ni nyimbo tatu au nne?" Akacheka akasema, "Ni mmoja tu, Baba. Na aliyeutunga ni mzaliwa wa Unguja."

Sikumwamini. Lakini kijana alikuwa sahihi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota habari za wimbo ule kidogo kidogo, magazetini, vitabuni, na siku hizi katika simu za wajukuu. Msomaji wangu, niruhusu nikueleze nilichookota.

Wimbo wenyewe unaitwa "Bohemian Rhapsody". Ulitolewa tarehe 31 Oktoba 1975 na bendi ya Uingereza iitwayo Queen, na mtunzi wake ni Freddie Mercury. Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, katika jamii ndogo ya Maparsi, yaani watu wa asili ya Uajemi wafuatao dini ya Zoroasta ambao mababu zao walihamia India karne nyingi zilizopita. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya wakoloni. Alipofika umri wa miaka minane hivi, mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano na kuanzisha bendi yake ya kwanza pamoja na wanafunzi wenzake. Alirudi Unguja akiwa kijana. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Uingereza, ikaishi Feltham, karibu na London. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba.

Huko Uingereza alisomea uchoraji na usanifu wa picha katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Mwaka uliofuata akaungana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga mwaka 1971. Mwalimu yeyote angependa kuwa na darasa la vijana kama hawa. May alikuwa mwanafunzi wa fizikia anayechunguza vumbi lililo baina ya sayari. Aliikatiza shahada yake ya uzamivu kwa ajili ya muziki, akaja kuimaliza mwaka 2007 akiwa mtu mzima wa miaka sitini. Gitaa lake alilitengeneza kwa mikono akisaidiana na baba yake, na shingo ya gitaa hilo waliichonga kutoka katika mbao za meko ya zamani. Taylor alikuwa ameanza kusomea udaktari wa meno. Deacon alikuwa na shahada ya elektroniki. Ninayataja haya kwa sababu watu hudhani muziki wa roki ni kazi ya wavivu waliokimbia shule.

Sasa tuje kwenye jina la wimbo. Bohemia ni sehemu ya nchi ambayo leo huitwa Jamhuri ya Czech, lakini Wazungu walilichukua neno hilo zamani wakalipa maana nyingine: maisha ya wasanii wasiofuata taratibu za watu wengine, wenye njaa leo na karamu kesho. Na "rhapsody" ni utungo wa muziki usiobanwa na umbo moja, unaohama kutoka hali hii kwenda hali ile kadiri moyo unavyopenda. Jina lenyewe basi linatoa onyo: msitafute hapa ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio. Na kweli, wimbo huu hauna kiitikio hata kimoja. Kisa chake, kwa kadiri kinavyoweza kusimuliwa, ni cha kijana anayemwambia mama yake kwamba ameua mtu na kwamba maisha yake yameharibika kabla hayajaanza. Kisha anajikuta katikati ya zogo la sauti zinazogombania roho yake. Kisha anakasirika na kujaribu kujinasua. Mwisho anakata tamaa kwa upole, kama mtu aliyechoka kubishana.

Jina hilo lililokaa vizuri namna ile halikuwa jina la kwanza. Mwezi Septemba 2023 vitu vya marehemu Mercury viliuzwa kwa mnada huko London, na miongoni mwake zilikuwamo karatasi za rasimu ya wimbo huu. Mjukuu wangu alinionyesha picha yake. Ni karatasi za shirika la ndege la British Midland, lililokwisha kufa siku nyingi, naye ameziandika kwa mkono, maneno yamepanda na kushuka, mengine yamekatwa. Juu kabisa mtunzi ameandika "Mongolian Rhapsody". Halafu akalikata neno la kwanza, akaandika juu yake "Bohemian".

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko mjukuu wangu alivyotaka. Mongolia! Nchi ya farasi na nyika, kaskazini ya China, isiyohusiana na chochote katika kisa kile. Hapana shaka alilipenda neno kwa mlio wake. Wimbo uliosikilizwa na mamilioni ya watu ulikuwa siku moja umevaa kofia isiyo yake, na ilihitajika kalamu na moyo mgumu kuivua. Karatasi zile ziliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.3. Mjukuu wangu alistaajabia bei. Mimi nilistaajabia mkato wa kalamu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa Kiswahili alitukataza kudai daftari safi katika somo la insha. Alisema daftari safi ni dalili ya mwanafunzi aliyenakili, na daftari lililokatwakatwa ni dalili ya mwanafunzi aliyefikiri. Laiti ningekuwa na picha ile enzi hizo, ningeibandika ukutani katika kila darasa.

Wala karatasi zile si mwanzo wa safari. Rafiki yake wa siku za chuo, Chris Smith, alisimulia baadaye kwamba mwishoni mwa miaka ya sitini Freddie alikuwa na kipande cha wimbo walichokiita wimbo wa mchunga ng'ombe, ambacho ndani yake mlikuwamo tayari ile habari ya kijana na mama yake. Basi mbegu ilikaa ardhini kwa miaka ipatayo sita. Brian May naye amesimulia jinsi Freddie alivyokuwa akija kazini na vipande vya karatasi alivyovitoa ofisini kwa baba yake, akavipanga juu ya piano na kuanza kugonga. Baba wa watu alikuwa mhasibu, hakuupenda sana muziki ule, lakini karatasi zake ndizo zilizoubeba.

Mtayarishaji wa muziki wao alikuwa Roy Thomas Baker, ambaye zamani alikuwa amefanya kazi na kampuni moja ya opera. Yeye alieleza kwamba siku moja Freddie alimpigia sehemu ya mwanzo kwa piano, akaufikisha wimbo mahali fulani, akasimama ghafla, akamwambia kwamba hapo ndipo patakapoingia opera. Kisha wakaenda kula. Opera yenyewe ilikuwa bado kichwani mwa mtu mmoja.

Kuitoa humo kichwani ndiko kulikokuwa na jasho. Walianza kurekodi tarehe 24 Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, iliyo shambani karibu na Monmouth, Wales, kisha wakaendelea katika studio nyingine kadhaa. Zile sauti za umati ambazo mimi nilidhani ni za kwaya nzima zilikuwa za watu watatu tu: Mercury, May na Taylor, huyu wa mwisho akipanda hadi sauti za juu ambazo wengi hudhani ni za mwanamke. Waliimba kwa saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku. Zana zao ziliweza kuchukua njia ishirini na nne tu za sauti. Kwa hiyo walirekodi, wakaziunganisha sauti kadhaa katika njia moja, wakarekodi nyingine juu yake, wakaunganisha tena, mpaka sauti zilizopandishwa zikafika kama 180. Utepe ulipita kwenye mashine mara nyingi mno hata ule unga mweusi unaoshika sauti ukaanza kupukutika. Walipouinua kwenye mwanga, waliona upande wa pili. Sehemu ya opera peke yake iliwachukua kiasi cha majuma matatu. Katikati ya kazi ile Freddie alitimiza miaka ishirini na tisa.

Msomaji, usidhani hawa walikuwa matajiri wanaochezea muda. Ingawa nyimbo zao zilikwisha kuvuma, walikuwa wamebanwa na madeni na mikataba mibaya, na May amesema mara kadhaa kwamba kama santuri ile ingeanguka, huenda bendi ingevunjika. Mtu mwenye busara ya kawaida, akiwa katika hali kama hiyo, angetunga wimbo mfupi wa kuchezeka, wenye kiitikio cha kushikika. Wao walitia kila walichokuwa nacho katika wimbo ambao hata wenyewe, isipokuwa mmoja, hawakujua utaishia wapi.

Ulipokamilika ulikuwa na urefu wa dakika tano na sekunde hamsini na tano. Wakuu wa kampuni ya santuri wakashika vichwa. Redio za Uingereza wakati ule zilitaka nyimbo za dakika tatu, wakashauri ukatwe. Hapa nilicheka peke yangu, kwa kuwa mtu wa pwani yetu akiambiwa kwamba dakika sita ni nyingi kwa wimbo atashangaa. Katika taarabu, dakika sita msikilizaji bado anarekebisha kanga yake. Mwimbaji pengine hajaingia ubeti wa pili. Lakini mtunzi alishikilia neno lake: utatoka mzima au hautatoka. Nakala ikamfikia mtangazaji wa Capital Radio ya London, Kenny Everett, aliyekuwa rafiki yao. Inasemekana aliambiwa asiupige hewani, kwa namna ile ya kumkonyeza mtu huku unamkataza. Aliupiga mara kumi na nne katika siku mbili za mwisho wa juma. Jumatatu watu walikwenda madukani kuutafuta, na ulikuwa bado haujaanza kuuzwa. Ulipotoka, uliongoza orodha ya Uingereza kwa majuma tisa.

Ndipo lile swali letu la kifalme likaingia. Ana maana gani? Kijana huyo ni nani, na amemwua nani? Kwa nini anatajwa Galileo, mtaalamu wa nyota, na Figaro, kinyozi wa opera, na Scaramouche, mchekeshaji wa michezo ya Kitaliano? Na kwa nini katikati ya zogo lile linasikika neno "Bismillah", ambalo kila mtoto wa chuoni Unguja hulijua kabla ya kujua kusoma? Majibu yamejaa dunia. Wapo waliosema kijana aliyeuawa ni Freddie wa zamani, na kwamba mtunzi alikuwa akimwambia mama yake siri ya maisha yake kuhusu mapenzi. Wapo wanaosikia humo machungu ya mtu aliyeng'olewa kwao akiwa na miaka kumi na saba. Wengine husema ni mzaha mtupu, maneno yaliyochaguliwa kwa sababu yanalia vizuri kinywani, kama lilivyochaguliwa lile la Mongolia.

Mercury mwenyewe alikataa kueleza. Alikubali kusimulia kazi: kwamba wimbo haukuanguka kutoka hewani, kwamba alifanya uchunguzi kidogo, kwamba alitaka iwe opera ya kufanyia dhihaka. Kuhusu maana, alisema watu wausikilize, waufikirie, kisha waamue wenyewe. May amesema kwamba pengine hatutajua kamwe, na kwamba hata kama yeye angejua, asingependa kutwambia. Hata kuhusu Unguja, Mercury alizungumza machache mno katika mahojiano yake. Mimi nilifika Mji Mkongwe nikaonyeshwa nyumba inayotajwa kuwa ndiko walikoishi, na tangu mwaka 2019 ipo hapo makumbusho ya kumbukumbu yake. Lakini sikupata mlangoni pale ufunguo wowote wa wimbo, na sidhani upo.

Sasa niseme kwa nini kimya hiki kinanigusa. Miaka mingi iliyopita, katika moja ya shule nilizoziongoza, mvulana wa kidato cha tatu aliandika insha ya kubuni ambayo mwalimu wake aliniletea ofisini akiwa ametoa macho. Ilikuwa barua ya kijana kwa mama yake, akimweleza kwamba ameiba fedha ya mwenzake, kwamba hawezi kuirudisha, na kwamba asimtegemee tena. Iliandikwa vizuri kuliko umri wake. Na tatizo ni kwamba majuma mawili nyuma zilikuwa zimepotea fedha bwenini, ada ya mtoto mmoja mkulima, na hazikupatikana. Mwalimu akasema, "Mkuu, huyu amekiri. Aitwe mbele ya kamati ya nidhamu." Walimu wengi waliafikiana naye. Na hawakuwa watu wabaya. Yule mtoto aliyeibiwa alikuwa akilia kila jioni.

Nilikataa. Niliwaambia insha si maelezo ya polisi. Sisi wenyewe tulimpa mada na kumwambia abuni, sasa akibuni vizuri tumfunge? Kama kuna ushahidi mwingine uletwe, niko tayari kumsikiliza mvulana kama nitakavyomsikiliza mwingine yeyote. Ushahidi haukuja. Yule mwalimu hakunisemesha mpaka mwisho wa muhula, na ada ya yule mtoto tuliichanga sisi walimu. Insha ilipewa alama kumi na nane kwa ishirini. Niliomba kuona na rasimu yake, nikaikuta: alikuwa ameanza na kijana aliyevunja sahani, akakata, akaweka kijana aliyepoteza mbuzi, akakata, ndipo akaandika wizi. Je, alikuwa akitafuta kisa chenye uzito, au alikuwa akiukaribia ukweli hatua kwa hatua? Sijui mpaka leo, na mvulana yule sasa ni baba wa watu wazima. Tumeonana mara mbili tatu. Hakunieleza, nami sikumwuliza.

Haimaanishi kwamba kila kimya ni cha kuheshimiwa. Tarehe 23 Novemba 1991 Mercury alitoa taarifa kwamba ana UKIMWI, na jioni ya siku iliyofuata akafariki dunia, akiwa na miaka arobaini na mitano. Wimbo wake ulitolewa upya mwezi uliofuata, ukaongoza orodha tena kwa majuma matano, na mapato yakaenda kwa shirika la Terrence Higgins Trust linalosaidia wagonjwa wa UKIMWI. Nani wa rika langu asiyekumbuka miaka ile? Nilizika walimu wenzangu. Makaburini tulisoma wasifu uliosema "aliugua kwa muda mrefu", na ugonjwa wenyewe haukutajwa. Wake na waume waliobaki hawakuambiwa, nao wakafuata. Kimya kile kiliua. Kuhusu ugonjwa unaoambukiza, mtu husema ili wengine wapone, na sisi viongozi wa shule tulipoanza hatimaye kusema waziwazi mbele ya gwaride, ilikuwa ni kwa sababu tumechoka kuchimba makaburi.

Lakini kimya kuhusu wimbo hakimwui mtu. Ugonjwa ukifichwa, jirani anadhurika; maana ya wimbo ikifichwa, jirani anapewa nafasi ya kuitafuta mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu mama mzee anaweza kuusikiliza ule wimbo akamlilia mwanawe aliye gerezani, na kijana wa London akasikia ndani yake aibu yake mwenyewe, na mzee kama mimi akamkumbuka mvulana wa kidato cha tatu. Mtunzi angetueleza ni nani aliyeuawa, sote tungebaki wageni katika nyumba ya mtu mmoja.

Kwa hiyo nawashauri walimu vijana wanaonijia, na wako wachache wanaonijia bado. Msiliache lile swali la maana, kwa kuwa mitihani italiuliza. Ila mtangulizeni ndugu yake mdogo. Waulizeni watoto kazi ilifanywaje. Waambieni habari ya sauti tatu zilizofanywa umati, na ya utepe uliopukutika. Waonyesheni karatasi ya shirika la ndege, na neno Mongolia likiwa na mstari juu yake. Mtoto akishaona kwamba hata kazi kubwa namna ile ilianza na neno lisilofaa, ataacha kuogopa neno lake la kwanza. Na mkiona katika daftari lake jambo linalowatia wasiwasi, kaeni karibu naye, mumjulie hali, mlango wenu uwe wazi. Akitaka kusema, atasema. Asipotaka, sahihisheni herufi kubwa na vituo, mpeni alama zake, mrudishieni daftari.